Dozi Mbili Kati ya Sita

Muleba, 20 Mei 2025

Rosina mwanangu,

Kosa la wengi wanaotoka huku kwenda ughaibuni ni kudhani kwamba malaria hubaki uwanja wa ndege pamoja na ndugu waliokuja kuaga. Sivyo. Mdudu wake hukaa kimya ndani ya ini siku saba, kumi, hata zaidi, kisha huingia kwenye damu wakati wewe umekwisha kuwasahau mbu wa nyumbani.

Nimelitanguliza hilo kabla ya kukujulia hali, kwa sababu hali yako nimeisikia jana kwenye ujumbe wako wa sauti, na haikunipendeza. Sisi tu wazima. Kaka yako na mkewe wanakusalimu na kukushukuru kwa kuja harusini.

Sasa nijibu. Umerudi Dubai tarehe nane, homa imekuanza tarehe kumi na saba. Umepimwa nini? Na hiyo dawa ya mseto unayosema umemeza, umemeza kiasi gani? Usinifiche. Nimekaa mbele ya darubini ya hospitali miaka thelathini na moja, sishtuki upesi.

Shangazi yako,
Emiliana

Dubai, 21 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini miguu haikusumbui na hizo mvua. Mimi naendelea vizuri. Homa imeshuka, na leo nimetandika vyumba kumi na vinne hapa hotelini Al Rigga, ingawa nikiinama kichwa kinagonga.

Kliniki nilikwenda Jumatatu. Daktari aliuliza kama nimesafiri karibuni, nikasema hapana. Nisamehe. Mwezi ujao napimwa afya kwa ajili ya kibali cha ukaazi, na wasichana ninaokaa nao wanasema ukiandikiwa malaria unarudishwa kwenu. Hata hivyo alinipima damu. Akasema safi, ni mafua tu, akanipa panadol.

Kuhusu mseto: chumbani kwetu International City tuna bati la biskuti juu ya friji. Kila anayetoka likizo hutia dawa humo, na mwenye homa huchukua kidogo akamwachia mwenzake. Nilimeza dozi mbili siku ya kwanza, nikaziacha nne. Peninah, yule Mkenya wa kitanda cha chini, ananicheka: "Rosi, malaria Dubai? Kwani mbu wa huku wanakaa wapi, ndani ya AC?"

Khalas, yamekwisha.

Mwanao,
Rosina

Muleba, 21 Mei 2025, jioni

Rosina,

Nafupisha salamu, usinione mkali.

Hayajakwisha. Umempiga mdudu kofi, hukumuua. Dozi mbili hupunguza wadudu hadi darubini isiwaone, homa hushuka, na mtu hujiona amepona. Halafu waliosalia huzaana. Kipimo safi cha mtu aliyemeza nusu dawa si kipimo safi. Na jambo jingine: umekaa huko miaka sita. Mwili wako umesahau kupigana na malaria kama ulivyokuwa ukipigana ukiwa hapa. Sasa wewe ni kama mgeni.

Mwaka 1998 niliisoma damu ya mwalimu mmoja nikaandika: hakuna wadudu. Hakuniambia kwamba alikuwa amemeza vidonge nyumbani, nami sikumuuliza. Siku ya tatu walimleta hajitambui. Hakuamka.

Rudi hospitali. Sema mambo mawili tu: nilikuwa wapi, nimemeza nini. Waombe wakupime tena, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Hayo ya kibali muulize daktari mwenyewe, usiwaulize wasichana.

Shangazi yako

Muleba, 24 Mei 2025

Rosina mwanangu,

Siku tatu simu yako imezimwa. Sina la kueleza leo. Niandikie hata neno moja.

Shangazi

Dubai, 26 Mei 2025

Shangazi yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Niko hai. Simu ilibaki kwenye kabati la kazini, Peninah ameniletea leo.

Barua yako nilimsomea kwenye simu siku ileile, tukibadili nguo kazini. Nilipofika kwenye habari za yule mwalimu aliacha kucheka. "Alikufa? Aki Rosi, vaa viatu. Yalla!" Hospitali nikaanza kumung'unya maneno, akanikatiza: "Sema yote, ama niseme mimi."

Nikasema. Daktari, mama wa Kisudani anayeitwa Mawadda, aliweka kalamu chini. "Nani kakwambia malaria inamfukuzisha mtu? Tunaitibu, tunaiandikisha, basi. Ungeniogopa siku mbili zaidi, ningemtibu nani?"

Damu ya kwanza ilikuwa safi! Nikataka kuondoka. Akasema, "Umemeza nusu dawa, mimi sikuamini wewe wala kioo hiki cha damu yako," akanilaza. Kesho yake asubuhi wakawaona. Mchana homa ilinipanda hadi nikawa nakuita wewe, ati niletee maji. Wakanitia dawa kwa mshipa. Jumamosi walihesabu chembe mbili za damu zenye wadudu katika kila mia. Jana wachache. Leo hakuna hata mmoja. Nimelia, na nesi naye kanisindikiza kulia.

Kesho natoka. Bati Peninah amelimwaga lote. Chumbani wote wanakusalimu isipokuwa Desire, yule Mrundi. Amerudi kutoka Rumonge wiki iliyopita na tangu jana kalala, kichwa kinamuuma. Anasema ni baridi ya AC.

Mwanao,
Rosina

Muleba, 26 Mei 2025

Rosina mwanangu,

Marahaba, mara nyingi. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Namshukuru Mungu, na Peninah, na huyo mama asiyeamini kioo. Mtu wa namna hiyo ningefurahi kufanya naye kazi.

Umepona, lakini kupona kunafuatiliwa. Maliza vidonge watakavyokupa, vyote. Rudi ukapimwe kila wiki kwa wiki nne: dawa ile ya mshipa huweza kupunguza damu siku nyingi baadaye, na mdudu aliyejificha naye hurudi katika siku hizo. Kipimo cha haraka kikionyesha bado unayo, usilie. Hicho huendelea kunusa mabaki ya wadudu waliokufa. Waombe waangalie kwa darubini.

Mengine tutaandikiana ukishapata nguvu. Ila Desire asingoje utoke kesho. Mpigie Peninah sasa hivi ampeleke hospitali leo, na amwambie daktari kwamba ametoka Rumonge.

Shangazi yako,
Emiliana