Video ya Maombi

Babra, uko wapi? Tumetoka sasa hivi kwa watu wa bima ya lile gari lililomgonga Kidega. Kaka yangu huyo amekaa kwenye ngazi za ofisi yao hapa Nakivubo, hata maji hataki.

Unakumbuka Oduor alivyokuja kumwombea? Akamwambia, "Ndugu yangu, weka magongo chini, usimame tumshukuru Mungu." Mimi na mama tukamshika huku na huku, akasimama dakika moja analia kwa maumivu. Oduor akarekodi, eti awatumie watu wa kanisa.

Leo mtu wa bima ametugeuzia kompyuta. "Mguu umepona, ssebo. Jionee mwenyewe."

Ni ile ile video, Babra. Ile ile. Sisi tuliomshika tumekatwa kwenye picha, na kilio chake kimezimwa.

Wakili wetu akauliza wameitoa wapi. "Kwa mwenye gari. Aliletewa na shemeji yake, Oduor."

Shemeji yake. Miezi minne anakula kwetu, na anajua gari ni la nani.

Sasa hivi Oduor amepiga kuuliza mambo yamekwendaje. Kidega amemjibu polepole kabisa: "Njoo jioni tuombe tena. Safari hii nitarekodi mimi."