Homa ya Siku Ngapi

Majengo,
Muheza, Tanga.
11 Mei 2025

Mpendwa Dada Zuwena,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji na watoto huko Mombasa, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi tu wazima. Mama presha yake imetulia, ila ulimi haujatulia. Juzi kamwambia daktari hajui kuandika. Machungwa yameanza kuiva, barabarani hapapitiki kwa matenga.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu Mama husikia kila kitu, na wewe nikitaja jina la Chiku mtandao hukatika. Sikusemi vibaya, nimeshazoea. Hii ni mara ya tatu leo naianza barua hii. Nimeinuka nikapika, nimeinuka nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nimerudi.

Kazini bado niko kwenye takwimu pale kituo cha afya. Jumatano ni siku ya uzazi wa mpango na benchi hujaa mapema. Wako wanaochomwa sindano kisha wakaniachia kadi zao, wasije wakaonekana nazo nyumbani. Droo yangu ya chini imejaa kadi za wake za watu.

Mwezi uliopita tuliitwa semina Raskazone. Mtaalamu alisema wanaotumia uzazi wa mpango nchini wameongezeka kuliko miaka ishirini iliyopita, ila wasichana wengi bado hawafikiwi. Hesabu za utoaji mimba akasema ni za kukisia, maana sheria inabana na hakuna anayekubali kuandikwa. Nikainamia chai yangu. Daftari nalijaza mimi, na wote huandikwa "mimba imeharibika", aliyeteleza na aliyekunywa vitu.

Sasa Nasra. Hujakanyaga huku tangu arobaini ya ndugu yetu Chiku, kwa hiyo kwako binti yake bado ni yule wa miezi minane aliyebaki mgongoni kwa Mama. Yuko kidato cha tano, mrefu, mbishi kama mama yake. Shuleni wamemchagua kuwa mwelimisha rika. Anawafundisha wenzake kujikinga na mimba, na nyumbani ananisahihisha mimi.

Wiki iliyopita alikuja ofisini kunisubiri. Majina nilikuwa nimeyafunika kwa rula, ila sababu zilionekana. Akauliza, "Mamdogo, hawa wote zimeharibika zenyewe?" Nikamwambia baadhi. Akasema, "Na mama yangu aliandikwa nini?"

Nikamjibu homa. Dada, neno lilinitoka kama salamu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mliponisimamisha mlangoni niwaambie majirani ni homa kali, na tangu hapo sijaacha kulisema.

Jumamosi ya tarehe 24 kuna mkutano wa wasichana shuleni kwao, na Nasra atazungumza. Nimeyaona maneno aliyoandaa. La mwanzo kabisa linasema, "Mama yangu alifariki kwa homa." Hilo ameliandika kwa penseli; yaliyobaki yote ni kwa kalamu ya wino. Nimekosa raha tangu nilione. Atasimama mbele ya mabinti mia mbili awape uongo wetu kwa nia safi, na huenda kati yao yupo anayetafuta cha kunywa wiki hiyo hiyo.

Najua ulifuatana na Chiku siku ile. Nilikuwa jikoni nachemsha maji, niliyasikia mliyokuwa mkinong'ona. Najua alikwenda kuomba sindano akarudishwa, aje na mumewe, na Uweso wakati ule alikuwa Horohoro anashusha mizigo, harudi ila mwisho wa mwezi. Mimba ikaingia na Nasra bado ananyonya. Alikuomba umsindikize akaitoe, ukamsindikiza. Ungekataa angekwenda peke yake. Hili nimetaka kukuambia miaka yote, nikawa mwoga. Nina hasira, dada, tena nyingi, lakini si na wewe.

Mama anasema tukimwambia mtoto tutamvunjia marehemu heshima. Siku nyingine namwelewa. Siku nyingine naona ni sisi tuliomvunjia, kwa kumfanya aliyeuawa na mbu.

Nakuomba uje kabla ya tarehe hiyo. Wewe ndiye uliyemshika mkono, wewe ndiye unayejua alisema nini, na kama alimtaja mtoto. Usipoweza, Ijumaa alasiri nitamwambia mwenyewe na jina lako sitalitaja. Ila sijui nitaanzia wapi.

Barua nampa Abdulghani wa basi akukabidhi mkononi. Msalimie sana shemeji Safari, na watoto wote. Mama anakusalimu na anataka leso mbili za huko, zisiwe nyekundu. Uweso alipita juzi, naye kakusalimu.

Nasra amenikuta naandika, akauliza barua ni ya nani. Nilipomwambia ni ya mama yake mkubwa, hakusema nikusalimie. Kasema nikuulize wewe, maana mimi sijui kujibu: homa ya mama yake ilikuwa ya siku ngapi.

Mola akufungulie njia, akuvushe mpaka salama.

Mdogo wako akupendaye, na anayekungoja,
Asmahani