Fidla ya Baba Harusini Kwangu

Meldal, masika, 1786

Kaka Ellef,

Ng'ombe mwekundu kazaa salama. Mama hajambo. Sasa nisikilize.

Nasikia simfonia uliyoitunga imepigiwa makofi huko Trondheim. Hongera! Lakini kwa vile mfalme kakupa haki ya muziki wa harusi zote za wilaya, asipige mwingine bila idhini yako, watumishi wako walivamia harusi yangu mimi, dada yako wa tumbo moja, wakamnyang'anya baba fidla. Fidla ile ile aliyokufundishia!

Baba akasema tu, "Waacheni waichukue. Mwanangu kawa mtu mkubwa."

Mkubwa wa nini, wewe? Tulicheza hadi kukakucha bila fidla, tukiimba kwa vinywa vyetu wimbo wako wa kwanza, uliomtungia baba.

Haya, watume tena. Waje wavichukue na vinywa.

Dada yako, ukitaka usitake,
Gunnvor