Udongo Ulioshiba Chokaa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la maabara kimenikaa kooni kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mahindi yamekuwa ya njano tena, mwaka wa pili huu, na kwamba wewe na shemeji hamsemezani kwa sababu yeye ndiye aliyechagua mbegu.

Hapa kazini tumepata mashine mpya, tanuri dogo lenye mizani ndani yake. Unaweka udongo wa kujaza ncha ya kijiko, unaupasha moto polepole mpaka upite nyuzi mia tisa, na mizani inaandika kila uzito unapopungua. Kila aina ya chokaa iliyomo udongoni huachia hewa yake kwa joto lake. Ile ya kawaida hupunguza uzito mara moja. Dolomaiti, chokaa yenye madini ya magnesi, hupunguza mara mbili, kama mtu anayeshuka ngazi. Mkuu wetu, mama mkemia asiyependa porojo, alitaka kila mmoja alete udongo wa kujifunzia. Mimi nikachukua ule ulionipa kabla hujamwaga chokaa shambani.

Mstari uliochorwa na mashine ulishuka ngazi mbili, tena ndefu. Mkuu akasema udongo huo umeshiba chokaa tangu asili, na kuuongezea ni kuinyima mimea madini ya chuma; majani hayana budi kuwa njano. Nikamweleza kwamba mwenye shamba ameongeza misimu miwili.

"Nani alimshauri?" akauliza.

Nikasema simjui.

Kaka, ni mimi. Wala sikukosea kupima; sikupima kabisa. Wiki ile uliponipa mfuko wa udongo, kazi zilinizidi, nawe ulikuwa ukipiga simu kila siku, nikaona aibu kusema bado. Nikabuni jibu: udongo una tindikali, weka chokaa. Mfuko wako nimeufungua juzi tu. Fundo lilikuwa lile lile ulilofunga wewe. Jana nilimwambia mkuu ukweli. Amenipa onyo kwa maandishi, nami nimelipokea.

Usiongeze chokaa tena. Mbegu ya shemeji haikuwa na kosa lolote. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Jumamosi nakuja kumwambia mwenyewe. Mkinifungia mlango, nitayasema nikiwa nje.

Wape watoto salamu zangu, na shemeji umpe zake kwa heshima zote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba