Mama Hahami Kwihara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba kwa ile sauti yako ya kwenye spika, taratibu, kama una abiria wa kuwatuliza nyuma yako.

Nakuandikia mimi kwa sababu kaka Masanja bado amenuna na Mama hana muda. Mwaka umepita tangu tukuzike, na wiki iliyopita tulikutana hapa nyumbani Kwihara kuamua kama Mama abaki au ahamie Dar kwa Masanja. Nataka habari uipate kwangu kabla mtu hajaipindisha.

Ulipokuwa rubani wa jeshi, wenzako walihama na familia zao kila walikopangiwa. Wewe ulimwambia Mama achague, akachagua mashamba haya kando ya njia ya misafara ya zamani. Basi wa kusafiri ukawa wewe. Hata ukipewa likizo ya kukohoa tu, ulipanda treni ukaja, na kesho yake ukarudi kambini huku macho yamevimba kwa usingizi.

Baadaye ukarusha ndege za abiria. Ndege ikitua Tabora haikai, inashusha na kupakia tu, kwa hiyo Mama alikufuata uwanjani na kapu. Mlisimama kivulini kando ya jengo, wewe na sare yako na mistari ya mabegani, tai umeitupia mgongoni, unakula ugali na nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, kwa mkono. Watu wakikukodolea macho, unasema, "Waache waone. Rubani wa kuogopa ni mwenye njaa." Mama alijidai kuona aibu. Uongo mtupu, alikuwa anavaa kitenge chake kizuri kuliko vyote.

Na ulituletea ile sheria ya marubani. Ulisema kule mbele mnakaa wawili, na yeyote kati yenu akisema "tusitue", ndege inanyanyuliwa tena. Hakuna ubishi wala kuangaliana vyeo. Maswali mnaulizana mkishafika chini. Ukaifanya sheria ya nyumba yetu, na ukaifuata mwenyewe hata ilipokuuma.

Unaikumbuka safari ya harusi ya Urambo? Mvua imenyesha, maji yanapita juu ya barabara, wajomba wamejaa nyuma ya pikapu na suti zao. Mimi, mtoto mdogo, nikasema, "Baba, tusitue." Ukageuza gari palepale. Mjomba mmoja akakucheka: "Mwanajeshi mzima unageuzwa na katoto?" Ukamjibu, "Leo huyu ndiye msaidizi wangu, na ameshasema." Pilau ya ile harusi tulihadithiwa tu. Mimi nililala nikijiona mtu mzima, na mpaka leo sijawahi kuogopa kusema hapana mbele ya wakubwa.

Mama naye aliitumia, ulipopata kazi nzuri ya kurusha ndege nje ya nchi. Alisema neno lile moja. Ulinuna siku nzima, ukapiga misumari kwenye banda la kuku ambalo halikuwa na tatizo, lakini hukwenda.

Siku ya mazishi, mtani wako Mzaramo, yule mliyerusha naye tangu jeshini, alivaa kofia yako akasimama mbele ya jeneza. "Huyu haondoki," akasema. "Hajaaga mnara wa uwanjani." Wageni wasioujua utani walishtuka. Mama akacheka, na hapo ndipo alipoweza kulia.

Sasa kikao. Masanja alishapanga kila kitu: chumba, daktari wa presha, hata tarehe. Hoja zake zilikuwa nzuri na mimi nilianza kukubali. Mama alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini, akasema, "Masanja mwanangu, tusitue."

"Mama, hapa hatupo kwenye ndege."

"Baba yako alisema maswali ni chini. Mimi nipo chini tayari. Uliza."

Masanja akauliza lililomkaa moyoni: "Presha ikipanda, nani atakupeleka hospitali ya Kitete?"

"Mimi," nikasema.

"Sijakutuma," akasema Mama.

"Najua."

Kwa hiyo mwezi ujao nahama Isikizya ninakofanyia kazi, nije kukaa hapa na Mama. Nitakwenda kazini na kurudi, barabara naijua na gari langu ni zima. Masanja anaona tumemshinda. Hatukumshinda, anampenda Mama kama mimi, ila anaogopa kwa mbali na mimi nimechagua kuogopa kwa karibu. Atakuja tu. Akinuna hujenga, amekurithi wewe, na ameshauliza vipimo vya dirisha la chumba changu.

Nimekukumbuka, Baba. Ndege ikipita naangalia juu, najua si wewe, bado naangalia.

Limebaki jambo moja, na nakwambia waziwazi kama ulivyonilea. Kuna jioni Mama anakutaja kwa namna ya mtu anayefungasha. Umsubiri, sikukatazi, lakini usimwite. Ameanika matobolwa, viazi vitamu vyake vya kuchemsha na kukausha, uani kote, na ukimgusa tu anakwambia hayajakauka.

Pumzika. Nyumbani kuna watu.

Kitindamimba wako