Kompyuta Namba Tatu na Saa Zake Sita

Jumatatu jioni. Mawingu yameuficha mlima Kwaraa tangu asubuhi, upepo ni wa baridi, na mimi nimejaa hasira hadi mkono unaandika vibaya.

Leo mwalimu wetu wa kompyuta ametusomea majina ya watakaoiwakilisha shule kwenye mashindano ya mkoa. Langu halikuwamo. Nilinyoosha mkono kuuliza. Akasema kazi yangu ilichelewa: mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na faili langu linaonyesha lilihifadhiwa saa nne na nusu usiku.

"Sasa wewe binti, usiku ule nani alikufungulia maabara?"

"Mlinzi!" mtu akadakia kutoka nyuma. Darasa zima likacheka.

Ningeweza kulia. Sikulia.

Kazi ile niliihifadhi saa kumi na nusu, jua likiwaka. Usiku nilikuwa nyumbani Singe, nimelala na mdogo wangu. Wiki tatu nilizunguka Mutuka kwa miguu nikiandika bomba lipi linatoa maji na siku gani, ili niweke yote kwenye ramani. Wiki tatu, halafu nachekwa!

Wakati wa mapumziko niliingia maabara na rafiki yangu Zawadi, tukawasha kompyuta namba tatu, ile niliyoitumia. Kwa saa ya ukutani ilikuwa saa nne asubuhi. Kwa kompyuta ilikuwa saa kumi jioni. Tarehe sawa, dakika sawa, ila imetangulia kwa saa sita kamili.

"Labda hii yetu inaishi Japani," Zawadi akasema.

Nikafungua mipangilio kuhakikisha. Ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki. Basi kuna mtu aliiandika saa hiyo kwa mkono wake.

Ndipo nikakumbuka. Ijumaa mchana mwalimu alibadilisha ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, maana kompyuta ikizimwa ilikuwa inasahau tarehe. Alipomaliza akauliza, "Saa ngapi sasa?" Tukaitikia kwa pamoja, "Saa nane!" Akaandika 8:00, akachagua PM. Kwa kompyuta, hiyo ni saa mbili usiku. Saa nane yetu ya mchana ilitakiwa iwe 2:00. Wenzangu walikuwa wamemaliza kazi zao Alhamisi, kwa hiyo kosa likaniangukia mimi peke yangu.

Nakiri: niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikaona alichoandika. Sikushtuka hata kidogo.

Nikamfuata ofisini, nikamwamkia, nikaeleza polepole, mikono nyuma.

"Yaani mimi unifundishe kusoma saa?"

Lakini alikuja. Akaitazama kompyuta, akaitazama saa ya ukutani. Akabonyeza, akasahihisha, akatoka bila kunitazama.

Orodha bado imebandikwa ubaoni vilevile.

Saa ameisahihisha. Mimi hajanisahihisha.

Kesho saa nne orodha inapelekwa mkoani. Naogopa nikimfuata tena ataniona sina adabu, na mwalimu akishakuona hivyo, miaka iliyobaki ni mirefu. Ila nikinyamaza, itabaki imeandikwa kwamba nilichelewa, na kwamba usiku nilikuwa mahali nisipopaswa kuwa.

Nitafika kabla ya paredi. Nitasimama mlangoni kwake na kusema: "Shikamoo, mwalimu. Naomba na jina langu."