Kwa Nini Lifungwe Jicho Zima

Maabara ya Vyura,
Ghorofa ya chini, mlango wa nyuma.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi na mtoto wenu Chiriku. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa, na ukiona mwandiko wangu umelala upande ujue ni hasira, si ugonjwa. Mama hajambo. Meno yake mapya yamemkaa, na sasa anatusema vizuri zaidi kuliko zamani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nilichemka. Unasema mmekibandua kile kibandiko alichowapa daktari wa macho. Mtoto analia, wenzake wanamcheka, wifi hawezi kuvumilia, basi mtaanza tena akifika darasa la tatu, akiwa na akili. Halafu ukaongeza kwa kejeli kwamba daktari mwenyewe haeleweki: jicho bovu ni la kushoto, yeye kafunga la kulia lililo zima. Kaka, nilitaka kukujibu siku ileile, ila ningeandika maneno ambayo yangemfanya Mama anifinye.

Bora nilingoja, maana wiki iliyofuata na mimi yakanikuta yangu.

Unaijua kazi yangu, ile mnayoicheka kwamba nalea vyura. Chumba changu hakina dirisha. Kina matangi kumi na mawili ya viluwiluwi, sita kila upande, na kila tangi la upande wa kulia lina skrini inayoonyesha vitone vya mwanga vikipita. Skrini zinajiwasha zenyewe saa kumi na mbili asubuhi na kujizima saa mbili. Viluwiluwi vya kulia vinaona, vya kushoto vinabaki gizani. Baada ya hapo vyote viko gizani.

Tunachotafuta ni hiki. Jicho peke yake halioni. Linapeleka habari kwenye ubongo kwa nyuzi nyembamba sana. Mwanzoni nyuzi hizo zinafika ubongoni ovyo ovyo, kama watu walioingia ukumbini bila kuonyeshwa viti. Kadiri kiluwiluwi kinavyoona vitu vikipita, nyuzi zinazopata habari zinatoa matawi na kushika nafasi zao, na zisizopata zinanywea. Yaani kuona ndiko kunakojenga njia ya kuonea.

Basi wiki saba nachungulia kwenye hadubini na sioni tofauti. Vya kulia na vya kushoto, nyuzi zimenyong'onyea sawasawa. Nilibadilisha maji. Nilibadilisha taa ya hadubini. Nilimlaumu fundi wa skrini, maskini, mpaka akaacha kunisalimia. Mkuu wa maabara akanitazama juu ya miwani yake akasema labda sijui kulia kwangu na kushoto kwangu. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na kila mtu ananitazama nikitwanga.

Alhamisi nikaamua kwenda mapema, saa kumi na mbili na nusu. Nikamkuta mama wa usafi, ambaye siku zote anamaliza na kuondoka kabla hatujafika, anafunika matangi ya kulia kwa mataulo, moja moja, taratibu, kama anayefunika watoto waliolala. Nikamuuliza anafanya nini, kwa sauti iliyomfanya aangushe ndoo.

"Mwanangu, hivi vitoto vinamulikwa machoni tangu alfajiri," akasema. "Nimevionea huruma. Nikitoka naondoa mataulo yangu, wala sivisumbui."

Wiki saba, Kaka! Kila siku ya Mungu! Nilipandwa na mori, nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri wa mama yake. Nikamwonyesha karatasi niliyoibandika mlangoni kwa mkono wangu: USIGUSE MATANGI. Akaisoma polepole mpaka mwisho.

"Sikugusa, nimefunika," akasema. "Sasa wewe ungeniambia hizi taa ni za nini, mimi ningefunika?"

Nikainama kumwokotea ndoo. Viluwiluwi navyo vimeshaota miguu na mikia inaisha, umri wa kujenga njia umevipita. Tangu siku ile nawasha skrini mchana kutwa nikijaribu kufidia, lakini nyuzi zinasogea kidogo tu na kukoma. Mama wa usafi nimemwomba radhi, naye kanisamehe. Mimi bado nina kinyongo, na nikikichunguza naona ni juu yangu mwenyewe.

Sasa wewe. Daktari aliwaambia fungeni, hakuwaambia kwa nini, kwa sababu foleni ilikuwa mpaka nje. Nisirudie kosa la karatasi ya mlangoni. Jicho la kushoto la Chiriku halijaharibika. Ni kwamba ubongo wake umezoea kulisikiliza la kulia tu, na la kushoto linapiga kelele bila kujibiwa. Ukilifunga la kulia, ubongo hauna budi kulisikiliza la kushoto, na njia yake inajengeka. Ndiyo maana linafungwa jicho zima. Sisemi mtoto wenu ni chura, wifi asije akaninunia. Lakini daktari alisema nafuu kubwa inapatikana kabla ya miaka saba, na Chiriku mwezi wa tisa anatimiza sita. Darasa la tatu ni mbali mno.

Analia, najua. Analia hata akikatwa kucha, na mbona mnamaliza vidole vyote kumi? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama alikuambia hivyo wewe uliyekuwa ukitema dawa ya minyoo nyuma ya kabati. Naogopa, Kaka. Naogopa siku atakapokuwa mkubwa atuulize kwa nini tuliliacha jicho lake, na jibu letu liwe kwamba tulimwonea huruma.

Nisalimie wifi, mwambie sikumkasirikia yeye sana kama nilivyokukasirikia wewe. Msalimie na baba mdogo kinyozi, na aache kuwaambia wateja wake kwamba macho ya mtoto hujirekebisha yenyewe. Mama anawasalimu wote. Mungu awape subira ya saa mbili kila siku, ndizo alizoagiza daktari.

Mimi Jumatatu naletewa mayai mapya ya chura, naanza upya. Wewe huna wa kukuletea Chiriku mwingine.

Hapo chini nimeandika mstari mmoja kwa herufi kubwa. Lifunge jicho la kulia, umpe Chiriku barua aisome mwenyewe, hata akilia. Kisha uniandikie ameona herufi ngapi. Hata kama ni moja, niandikie.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Shangazi wa Chiriku

CHIRIKU, MIMI NI SHANGAZI.